Saa nane za usiku, ukiishi na aliyetoka vitani

Baba Amina aliporudi kutoka Somalia hakuwa na kidonda hata kimoja. Tulichinja kuku, tukamshukuru Mungu. Wiki ya pili nilishtuka saa nane za usiku nikamkuta kakaa kwenye kigoda nyuma ya mlango, buti miguuni, kamba zimekazwa. Bado alikuwa lindoni. Mchana analala hadi alasiri, usiku macho makavu. Nikajiambia ni uchovu, utapita. Miezi minne nilijiambia hivyo, na ilikuwa mingi mno.

Usiku mmoja nikamuuliza bila kuzunguka: "Baba Amina, unafikiria kujiua?" Tafadhali nisikilize hapa, dada yangu: swali hili halimpandikizii mtu wazo. Alinyamaza kitambo, akainama akafungua zile kamba za buti, akasema ndiyo.

Sikumwacha peke yake hadi kulipokucha. Kaka yake akaja, akavitoa nyumbani vitu vyote vya hatari, kisha tukaenda Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili huko Kampala.

Daktari alitueleza kwamba ubongoni mna saa ya mwili, na mwanga wa asubuhi ndio unaoitia ufunguo. Kiwewe, ule mshtuko wa vitani usiomtoka mtu, huivuruga: mwili unakesha ukingoja adui, ndoto mbaya zinamfanya mtu auogope usingizi wenyewe. Mwenye kiwewe asiyelala yuko karibu zaidi na mawazo ya kujiua, na saa za kati ya usiku wa manane na alfajiri ndizo mbaya zaidi. Akili imechoka, nyumba nzima imelala, hakuna wa kumwambia neno. Nikakikumbuka kile kigoda.

Basi tukaanza na asubuhi. Saa moja anaamka, hata kama amekesha, tunakwenda kuchota maji pamoja. Huku kwetu ikweta jua halichelewi mwaka mzima. Waragi, ile pombe kali, aliacha, kwa sababu humlaza mtu upesi kisha humwamsha usiku wa manane. Mshauri alimfundisha kuisimulia ndoto yake mchana, kuipa mwisho mwingine, na kuurudia kichwani kabla ya kulala. Dawa alipewa pia, ila zile alizopimiwa na daktari. Usimnunulie mtu wako vidonge vya usingizi dukani kwa kubahatisha.

Siku nyingine saa nane bado humwamsha. Sasa ananigusa bega: "Mama Amina, niko macho." Naamka, tunakaa wote gizani mpaka usingizi umrudie.