Kabla ya kununua kompresa ya nyumbani, hesabu upepo

Kompresa yangu ya kwanza, mashine ya kubana upepo wa kuendeshea zana, niliinunua mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa kuangalia vitu viwili tu: bei, na namba zilizobandikwa kwenye tanki. Lita 24, bari 8, mota ya nguvu farasi 2. Wiki ileile nikafunga mashine ya msasa ya upepo, nikaanza kusugua kutu chini ya mlango wa Corolla yangu. Baada ya sekunde kama ishirini mashine ikaanza kulegea, ikawa inazunguka kama feni umeme unapofifia. Nikasubiri tanki lijae, nikasugua, nikasubiri tena. Hadi magharibi nilikuwa nimesafisha eneo la viganja viwili, na kichwa cha kompresa kilikuwa hakishikiki kwa moto.

Kompresa ilikuwa nzima. Mimi ndiye nilikuwa sijajua kuisoma, na ninaona vijana wengi wanaoanza kujitengenezea magari nyumbani wakipita njia hiyohiyo. Bari, au psi, zinakuambia upepo umebanwa kiasi gani. Lita za tanki zinakuambia una akiba gani. Kazi yenyewe inafanywa na lita kwa dakika. Zana nyingi za upepo zimeundwa zifanye kazi kwenye psi 90, yaani bari 6 na kidogo, na karibu kila kompresa inafika hapo. Tofauti iko kwenye wingi wa upepo ambao mashine inaweza kuutoa bila kuishiwa.

Chukua kompresa ya bari 8 inayozima ikifika 8 na kuwaka tena ikishuka kwenye 6. Kwa tanki la lita 50, tofauti hiyo ya bari 2 ni sawa na lita 100 hivi za hewa ya kawaida. Impakti ya nusu inchi, ile ya kufungulia nati za tairi, inakula wastani wa lita 120 hadi 150 kwa dakika kwa kubana na kuachia; ukiibana bila kuachia inakula zaidi sana. Lakini nati moja ni sekunde mbili tatu, unahamia nyingine, na mota nayo inaendelea kujaza. Kwa hiyo kwa tairi, breki na shokomzoba, tanki la lita 50 linakutosha kabisa. Msasa na grainda za upepo zinaweza kula lita 250 na zaidi kila dakika, mfululizo. Kwa kazi hizo nunua za umeme, utatumia pesa ndogo na utamaliza siku hiyohiyo.

Ukisoma kibandiko, kuwa makini: lita kwa dakika zilizoandikwa kwa maandishi makubwa mara nyingi ni hewa inayovutwa na pampu. Inayotoka ikiwa imeshabanwa ni pungufu, theluthi moja chini au zaidi. Muulize muuzaji ile inayotoka. Kama hajui, fanya hesabu yako kwa namba ndogo.

Upepo ukishapatikana, unapotea njiani. Wengi wanapeleka kompresa hadi gari lilipo na kuivutia umeme kwa ekstensheni nyembamba ya mita ishirini. Mota ya nguvu farasi 2 ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishakolea. Kwenye waya mwembamba umeme huo unashuka, mota inaunguruma bila kuzunguka, na ukiiacha hivyo inaungua. Weka kompresa karibu na soketi ya ukutani uichomeke hapohapo, kisha refusha mpira wa upepo. Mpira wenyewe uwe na tundu la milimita 8, au bora zaidi 10. Ule mwembamba wa rangi uliojikunja kama springi ni wa kujazia tairi na kupulizia vumbi. Impakti ukiifunga humo inakuwa dhaifu, na utailaumu bure.

Halafu sikiliza. Kompresa ikizima baada ya kujaa, lazima usikie "psss" fupi. Ni upepo uliobaki kwenye kibomba kati ya pampu na tanki ukiachiwa, ili safari ijayo mota isianze ikiwa na mzigo kichwani. Siku usipoisikia, tafuta sababu kabla hujaiwasha tena.

Sasa impakti. Nisikilize hapa kuliko mahali pengine pote: impakti ni ya kufungulia. Nilipoipata mara ya kwanza nilifunga nayo nati zote za tairi la nyuma, nikiona fahari jinsi zinavyokaza kwa mlio mmoja. Miezi michache baadaye nilipata pancha usiku, nikiwa na wili spana tu. Nati nne zilitoka kwa shida. Ya tano nilisimama juu ya spana kwa uzito wangu wote, nikasikia mkatiko mkavu, nati ikabaki mkononi na kipande cha stadi, ile boliti ya tairi, ndani yake. Nyundo iliyo ndani ya impakti inapiga mara nyingi kwa sekunde na mkono wako hauwezi kujua nati imekaza kiasi gani.

Nati ianze kwa vidole, mizunguko mitatu minne, uhisi uzi umekubali. Kisha wili spana kwa mtindo wa nyota, ukiruka nati ya jirani. Shusha gari, malizia kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm. Corolla na magari madogo mengi ya Toyota yanataka 103 Nm. La kwako tazama kitabu chake. Baada ya kilomita 50 hadi 100, pima tena.

Soketi za impakti ni zile nyeusi. Zile zinazong'aa za seti ya kawaida ni ngumu lakini hazivumilii kupigwapigwa, zinaweza kupasuka na kipande kikakurukia. Miwani vaa hata kwa nati moja. Na tafadhali acheni ule mtindo wa gereji wa kujipuliza vumbi kwenye ovaroli. Upepo uliobanwa ukipita kwenye kidonda kidogo unaweza kuingia hadi kwenye damu, na hilo linaua. Breki pia usizipulize: baadhi ya pedi na viatu vya breki, hasa vya zamani, vina asbesto, na vumbi lake ukilivuta linaharibu mapafu. Osha kwa maji au dawa ya breki.

Kabla ya kufunga impakti kwenye mpira, dondosha matone matatu manne ya oili ya zana za upepo mdomoni mwake. Ndani kuna vibapa vyembamba vinavyosuguana, na bila oili vinaliwa upesi. Pampu nayo ina oili yake, iitwayo ya kompresa. Usiweke ile ya injini.

Adui aliyebaki ni maji. Hewa ya Dar imejaa unyevu, na ikibanwa kisha ikapoa ndani ya tanki, unyevu unageuka maji yanayokaa chini. Kila jioni ninapomaliza, naacha upepo kidogo ndani ya tanki, nalala ubavu na kulegeza koki ya chini. Yanatoka kwanza matone, halafu mkupuo wa rangi ya chai ya maziwa unaochora mchanga, halafu upepo mkavu. Nafunga pale tu mkavu unapotoka. Yakianza kutoka na magamba ya kutu, au ukiona upepo unavuja kwenye mshono wa chuma, tanki hilo limeisha. Usikubali fundi alichomelee. Toa upepo wote, fungua pampu na mota uviuze, na tanki litoboe kabla hujalipeleka kwa wauza chuma chakavu, asije mtu akalijaza tena.