Maktaba ya Marejeo Ikikataa Kufunguka, Anza na Anwani ya Barua Pepe

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia usiku wa manane. Zilikuwa zimesalia siku nne awasilishe tasnifu yake, na programu ya mtandaoni alimohifadhi marejeo yote ilikuwa ikimrudisha kwenye ukurasa wa kuingilia kila alipoandika nywila. Niliusoma ujumbe wake mara mbili, kwa kuwa maneno yale niliyafahamu. Miaka kadhaa iliyopita niliyaandika mimi mwenyewe, nikayapeleka kwa kitengo cha msaada ambacho hakikunijibu kamwe.

Nilikuwa nimehitimu shahada ya uzamili, nami nikiandaa makala yangu ya kwanza kutokana na utafiti uleule. Marejeo yalizidi mia sita, mengi yakiwa na maelezo niliyoyaandika pembezoni kwa miaka miwili. Asubuhi moja akaunti ikakataa kufunguka. Nilibadilisha kivinjari, nikafuta vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huziweka katika kivinjari), nikazima vizuia matangazo, hatimaye nikaiondoa programu yenyewe pamoja na data zake zote ili niisakinishe upya. Hilo ndilo kosa ninalolijutia hadi leo, kwani sikuwa nimenakili folda iliyohifadhi maktaba yangu ndani ya kompyuta.

Baadaye niligundua kwamba kivinjari hakikuwa na tatizo lolote. Akaunti niliifungua kwa anwani ya chuo, na chuo kiliifuta anwani hiyo miezi michache baada ya mahafali, hivyo kila nilipoomba nywila mpya, kiungo kilitumwa kwenye sanduku la barua ambalo halikuwa langu tena. Hakuna aliyenionya. Ninaamini kwa dhati kwamba taasisi inayompa mwanafunzi programu kwa leseni yake inao wajibu wa kumwambia mapema kuwa leseni hiyo ina ukomo. Marejeo niliyakusanya upya kwa miezi minne. Maelezo ya pembezoni hayakurudi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kufuta chochote jiulize uliifungua akaunti kwa anwani ipi. Wengi wana akaunti mbili bila kujua, moja ya anwani binafsi na nyingine iliyoundwa walipopitia mfumo wa chuo, nao wakikuta maktaba tupu hudhani kazi yao imepotea. Anayepitia chuo asihifadhi alamisho ya ukurasa wa nywila, kwa sababu ukurasa huo hutengenezwa kwa ombi moja tu, na akiufungua kesho yake atapata ujumbe wa hitilafu. Tazama pia saa ya kompyuta: tarehe isipokuwa sahihi, kivinjari hukikataa cheti cha usalama cha tovuti. Kisha jaribu kuingia kupitia dirisha la faragha la kivinjari, ambalo halitumii vidakuzi vya awali. Ukifaulu humo, basi shida imo katika vidakuzi au viendelezi, yaani programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari. Ukishindwa, jaribu mtandao mwingine, maana mitandao ya ofisi huzuia mengi.

Wakati mwingine unaingia vizuri lakini faili hazionekani. Zotero, programu ya kuhifadhi marejeo iliyotolewa mwaka 2006 na ambayo hutumika bila malipo, humpa mtumiaji hifadhi ya bure ya MB 300 mtandaoni. Ikijaa, taarifa za marejeo huendelea kusawazishwa kati ya kompyuta zako ilhali PDF mpya hazipandi mtandaoni, na kwenye kompyuta ya pili huona kichwa cha makala bila makala yenyewe. Hazijapotea, zimo katika kompyuta ya kwanza, ndani ya folda iitwayo Zotero. Ifunge programu, uinakili folda hiyo yote kwenye diski ya nje, na ufanye hivyo kila mwezi. Hamisha pia marejeo yako katika muundo wa RIS au BibTeX, ambao programu nyingi za aina hii huusoma, ila usiitegemee nakala hiyo pekee kwa maelezo uliyoyaandika ndani ya PDF. Na anwani yako binafsi iongeze kwenye akaunti leo, ungali bado unaweza kuingia.

Msomaji wangu alifaulu kupitia dirisha la faragha. Kiendelezi kimoja cha kivinjari chake kilikuwa kikizuia vidakuzi. Nilimsihi asiendelee na sura ya mwisho kabla ya kuhamisha marejeo yake. Saa moja baadaye aliniandikia kwamba nakala mbili zimekamilika, moja ikiwa kwenye diski ya nje.