"Ka" za mwaka 1415

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, Mombasa. Nimewaandalia wanafunzi ukurasa mmoja wa mambo yaliyotokea duniani mwaka 1415, na juu yake nimeandika "karne ya 14". Niliandika hivi: "Jan Hus alichomwa moto mjini Konstanz, Wareno wakateka Ceuta, Waingereza wakawashinda Wafaransa huko Agincourt, na watu wa Malindi wakampelekea mfalme wa China twiga." Mwalimu mwenzangu amezifuta -ka- zote akaweka -li-. Anasema -ka- ni ya hadithi za sungura na fisi, haifai katika historia. Je, ni kweli?

JIBU: Mwalimu, sababu aliyoitoa mwenzako siikubali, ila kalamu yake haikukosea.

Sungura na fisi hawakuachiwa -ka- peke yao. Shahidi akisimama mahakamani utamsikia: "Nilisikia kishindo, nikatoka nje, nikamwona mtu anakimbia." Hiyo si hadithi. Kazi ya -ka- ni kufuatanisha: tendo la pili limekuja baada ya la kwanza, na mara nyingi limezaliwa nalo. Ndipo sentensi yako inapoingia taabani. Asiyeijua historia akisoma "Hus alichomwa moto, Wareno wakateka Ceuta", atadhani Wareno walikuwa jamaa zake Hus, wamekwenda kulipa kisasi. Na twiga naye ataonekana kama zawadi ya pongezi kwa ushindi wa Agincourt!

Utaniambia tarehe zimefuatana. Ni kweli: Hus aliuawa tarehe 6 Julai, Ceuta ikatekwa 21 Agosti, na vita vya Agincourt vilikuwa 25 Oktoba. (Umeona nilivyoteleza? Hiyo "ikatekwa" nami naifuta: ilitekwa.) Kalenda peke yake haileti -ka-. Panatakiwa uzi mmoja, yaani watu walewale au jambo lilelile linaloendelea.

Chukua kisa cha Hus chenyewe. Kasisi huyu wa Bohemia (Ucheki ya leo) aliitwa mbele ya mtaguso wa Konstanz, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, akaahidiwa usalama wa safari na Mfalme Sigismund, akaenda, akatiwa kifungoni, akatakiwa ayakane mafundisho yake, asikubali, akachomwa moto. Hapo ondoa -ka- uweke -li- kila mahali uone masimulizi yatakavyokuwa mazito kama orodha ya mizigo. Tazama pia "asikubali". Kiambishi -ka- hakina kikanushi chake, hatusemi "hakakubali". Katika mfululizo tunakikanusha kwa -si- na kumalizia kitenzi kama katika dhamiri tegemezi, yaani umbo la "aone, asione": nikamtafuta, nisimwone. Wengi siku hizi huandika "hakukubali" katikati ya mfululizo. Si kosa, lakini mwendo unakatika.

Agincourt nayo ina uzi wake. Mfalme Henry wa Tano wa Uingereza alivuka bahari mwezi Agosti, akauzingira mji wa Harfleur, jeshi lake likapigwa na ugonjwa wa kuhara damu, akauteka mji tarehe 22 Septemba, akashika njia ya kwenda Calais, Wafaransa wakamzibia, wakapigana matopeni. Watendaji wamebadilika mara kadhaa, lakini safari ni ile ile, kwa hiyo -ka- imetulia.

Sasa angalia jambo ambalo vitabu vya sarufi hulipita haraka. Umbali wa wakati hauizuii -ka-. Naweza kuandika: "Wareno waliteka Ceuta mwaka 1415, wakashuka na pwani ya Afrika kidogo kidogo, wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mwaka 1498 wakafika Malindi." Miaka 83 imerukwa na sikio halikushtuka. Kinyume chake, siku Ceuta ilipotekwa Waingereza walikuwa tayari wameizingira Harfleur. Mambo mawili ya siku moja, na -ka- haiwezi kuyaunganisha. Hapo sema: "Wareno walipoiteka Ceuta, Waingereza walikuwa wameizingira Harfleur."

Ukitaka kuruka kutoka nchi hadi nchi bila kuchosha, Kiswahili kina "nao", "naye", "nako". "Huko Moroko nako, Wareno waliteka bandari ya Ceuta." Neno hilo dogo linamwambia msomaji kwamba tumehama, tusitafute sababu nyuma. Baada ya kuhama, anza na -li-, kisha -ka- zako ziendelee ndani ya kisa hicho mpaka kiishe.

Mwenzako akizifuta na hizo za ndani, mzuie.

Kwenye vichwa vya habari mambo ni mengine. Ukipanga ukurasa wako kama gazeti, andika "Wareno wateka Ceuta", "Hus achomwa moto", kwa -a- isiyo na tarehe. Usichanganye tu mtindo huo na -li- katika orodha moja. Na pale juu ya ukurasa ulipoandika "karne ya 14", rekebisha: 1415 ni karne ya 15.

Mimi ningeipanga hivi, na ningemweka twiga mwisho kwa sababu ndiye watoto wa Pwani watakayemkumbuka:

"Mwaka 1415, Jan Hus alichomwa moto mjini Konstanz kwa kukataa kuyakana mafundisho yake. Huko Moroko nako, Mfalme João wa Ureno aliiteka bandari ya Ceuta kwa siku moja. Waingereza nao waliwashinda Wafaransa huko Agincourt. Nao wajumbe wa Malindi walimpelekea Mfalme Yongle wa China twiga. Maofisa wa baraza wakamtazama mnyama yule, wakasema ni qilin, mnyama wa hekaya ajitokezaye zama za mtawala mwadilifu, wakamsifu mfalme wao."