Usiondoe miti yote iliyokufa

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuondoa magogo na miti mikavu yote ili msitu wako uonekane safi. Ningekusihi sana usifanye hivyo, kwa sababu mti uliokufa ukiwa bado umesimama huwapa vigong'ota na bundi matundu ya kutagia, na gogo linalooza hulisha kuvu na mabuu ya mbawakawa, ambao nao hurudisha rutuba ardhini. Ondoa tu ule unaoweza kuangukia njia ya watu. Unapovuna, chagua miti michache hapa na pale badala ya kufyeka eneo zima, na kingo za vijito usiziguse kabisa. Vyura, ambao ngozi yao hukauka upesi, hutegemea kivuli na unyevu wa hapo.