Maswali na majibu: Butterbeer, maziwa ya buluu na kiu ya Orlando

Likizo zikikaribia, barua zenu zote huelekea Orlando, Florida, kwenye bustani za burudani za Disney na Universal. Wenye jamaa Marekani wanafunga safari, wenye watoto wanapigiwa kelele usiku kucha, na kila mtu anataka kujua kile kikombe anachokiona kwenye picha za wenzake kina nini ndani. Wanaouliza bei nimewaacha. Bei za bustani za burudani hupanda bila kubisha hodi, kwa hiyo fungua programu ya simu ya bustani unayokwenda, asubuhi ile ile ya kwenda, utaiona. Msiniulize tena.

Shikamoo mzee. Wanangu wanalilia Butterbeer ya Harry Potter kule Universal. Sisi ni Waislamu na jina lenyewe limenitia wasiwasi. Ina pombe? – Mama watoto, Kisauni

Marahaba mwanangu. Haina. Hakuna swali nililolijibu hapa mara nyingi kama hili, na jibu ni lile lile: ni soda tamu yenye povu. Lakini angalieni mnaagizia wapi. Pale Hogsmeade, kijiji cha Harry Potter, Hog's Head ni baa kamili, inauza Butterbeer na bia ya kweli kwenye kaunta moja. Taja unachokitaka kwa jina na upokee kikombe kwa mkono wako mwenyewe. Ukitaka kuchunguza viambato vingine zaidi ya pombe, omba orodha kabla ya kulipa. Kutoa fatwa si kazi yangu.

Kaka, tumalizie ubishi wa nyumbani. Universal na Disney, nani ana kinywaji bora? – Baba wa wasichana watatu, Dallas

Universal, na Disney hajamkaribia. Ila msidhani ni kwa utamu. Butterbeer ni kama soda ya vanila iliyotiwa peremende ya siagi na sukari iliyoungua, na juu yake povu zito linaloganda kwenye mdomo wa juu kama masharubu. Wako watu wazima wengi wanaoishia nusu ya kikombe.

Ushindi wenyewe uko kwingine. Hogsmeade ilipofunguliwa Juni 2010, ndani ya Islands of Adventure, bustani mojawapo ya Universal, J.K. Rowling, mwandishi wa Harry Potter, alikuwa ameshaonja kinywaji kile na kukipitisha, na alikuwa ameshaweka sharti lake: soda za makampuni tunazozijua zisiuzwe ndani ya eneo lile. Sasa fikiri. Joto la Florida, umati umebanana, watoto wana kiu, na wewe mwenye duka huna Coca-Cola. Mfanyabiashara yeyote angeshika kichwa. Lakini kwa kuwa hakuna pa kukimbilia, mwenye kiu anachukua Butterbeer au juisi ya boga, anaketi, na kwa muda ule anasahau kwamba kuna maegesho ya magari upande wa pili wa ukuta.

Disney walipofungua Star Wars: Galaxy's Edge, California Mei 2019 na Florida Agosti mwaka huo huo, walikuwa na mtaji mkubwa zaidi. Maziwa ya buluu yako kwenye filamu ya kwanza kabisa ya 1977, na watu walikuwa wamengoja miaka zaidi ya arobaini kuyaonja. Wakayaharibu mara mbili. Kwanza, wameyafanya barafu iliyosagwa. Kwenye filamu ni maziwa ya watu wa shamba, yako kwenye glasi mezani, wakati wa chakula. Wao wanakupa kitu cha kunyonya kwa mrija huku meno yanauma. Pili, hatua chache kutoka hapo wanauza Coca-Cola. Wameivalisha, kweli: chupa ya duara kama bomu la mkono, maandishi ya Kiaurebesh, alfabeti ya kubuni ya Star Wars, chuma bandia kwenye shingo. Chupa ni nzuri, hata mimi ninayo rafuni. Lakini mtoto akishajua kwamba ndani yake mna ladha anayoijua tangu nyumbani, maziwa ya buluu yanabaki kuwa kitu cha kupigia picha. Nimeona vikombe vyake vimeachwa juu ya mapipa ya taka, vimejaa.

Universal nao wasijisifu sana. Nenda kwao Springfield, eneo la katuni za The Simpsons, ununue Flaming Moe: kikombe kina sehemu ya chini yenye barafu kavu, kinafuka moshi, watoto wanapiga kelele. Moshi ukiisha una soda ya machungwa mkononi. Kwa nini pale hawakufanikiwa kama Hogsmeade? Kwa sababu pale wanauza kila kitu.

Kule Galaxy's Edge kuna maziwa ya buluu na ya kijani. Ninunue yapi? – Msomaji, Arusha

Ya buluu. Ina nanasi, ndimu, tikiti maji na tunda la dragoni. Ya kijani ina chenza, pasheni, balungi na maua ya mchungwa, na harufu yake inafaa zaidi kupakwa nyuma ya masikio. Nunueni kikombe kimoja, ombeni mirija miwili. Yalipoanza 2019 yaliuzwa dola 7.99, na hakuna kinachoshuka bei kule.

Mwanangu maziwa ya ng'ombe yanamvuruga tumbo. Kipi kati ya hivi anaweza kunywa? – Mama Junior, Minneapolis

Kichekesho ni kwamba maziwa ya buluu na ya kijani hayana maziwa. Ni tui la nazi na maziwa ya mchele. Butterbeer ndiyo yenye maziwa, kwenye lile povu la kawaida. Universal wana povu jingine lisilo na maziwa, lakini usipoliomba hulipati. Na wewe mwenye mtoto asiyepatana na nazi, ambaye hukuuliza kwa sababu jina linasema maziwa, nadhani umenisikia.

Ndugu, nilipita Harambe pale Animal Kingdom, bustani ya Disney. Nimeona baa ya Dawa, duka la Tamu Tamu, kuta kama za kwetu. Je, kuna kinywaji chochote cha kwetu hasa pale? – Mpwani, Orlando

Swali bora la wiki hii, na nitalijibu polepole.

Harambe ni mji wa kubuni uliofunguliwa pamoja na bustani yenyewe Aprili 1998. Wabunifu wake wa Disney, chini ya kiongozi wao Joe Rohde, walikuja huku wakatazama kwa makini. Anayeijua Lamu atasimama pale na kushtuka. Plasta imebanduliwa kwa makusudi, mawe yanachungulia, matangazo ya ukutani yamepauka kana kwamba yamenyeshewa vuli kadhaa. Kuta zao sina neno nazo.

Njoo kwenye glasi sasa. Dawa yenyewe ni ya kwetu kwa kuzunguka: ni kinywaji cha mkahawa wa Carnivore, Nairobi, vodka kwa ndimu na asali inayokorogwa kwa kijiti, na asili yake ni caipirinha ya Brazil. Hiyo tuiache, Nairobi wameshailea. Kando yake iko Tusker House, ambako wanakupa wanachokiita Jungle Juice: pasheni, machungwa na mapera. Mpwani akionja anasema haya, hii nimekunywa kwa bibi. Kumbe mchanganyiko huo umetoka kisiwa cha Maui kule Hawaii, ambako ulianza kuuzwa 1971 kwa jina la POG. Tamu Tamu nao fahari yao ni Dole Whip, barafu tamu ya nanasi iliyobeba jina la kampuni iliyotajirika kwa mashamba ya nanasi ya Hawaii. Mji una sura ya Lamu, kiu yake inakatwa na Hawaii.

Hilo linaniudhi kwa sababu walikuwa na kila kitu. Mtu mmoja tu mwenye dele la shaba juu ya makaa, akipita na kugonga vikombe viwili vya kauri, kah-kah-kah, angewashinda wote walioajiriwa kucheza ngoma. Kahawa chungu, kipande cha kashata, basi. Ukwaju kwenye barafu kwa Florida ile ungeuzwa kama maji. Dafu linajitangaza lenyewe kwa panga.

Lakini tusiwarushie mawe Wamarekani peke yao. Ingia hoteli zetu kubwa za ufukweni, kuanzia Diani hadi Nungwi. Ni ngapi zinampokea mgeni kwa juisi ya paketi iliyotiwa mwavuli wa karatasi, na mkwezi amekaa nje ya geti na madafu yake, amezuiwa na askari? Disney angalau hawana minazi.

Baba mkwe anasema Disney hawauzi pombe kabisa, ni mahali pa watoto. Mimi nimesikia tofauti. – Mkwe mpole, Morogoro

Baba mkwe ana habari sahihi za zamani. Walt Disney hakutaka pombe iuzwe Disneyland, California, ilipofunguliwa 1955. Kisha milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja. Club 33 ilifunguliwa 1967 ndani ya Disneyland, lakini ni ya wanachama. EPCOT, bustani yao ya Florida, 1982, ikauza tangu mwanzo. Kule Ufaransa walifungua Aprili 1992 bila mvinyo, Wafaransa wakanuna, na kufikia 1993 mvinyo ulikuwa mezani. Magic Kingdom, nayo ya Florida, ilishikilia hadi Novemba 2012, ikakubali mvinyo na bia kwenye mkahawa mmoja wakati wa chakula cha jioni. Disneyland yenyewe ikaanza kuwauzia watu wa kawaida 2019, kwenye baa ya Oga's Cantina ya Galaxy's Edge.

Mwambie taratibu, usimwaibishe mbele ya watu. Na mkifika Florida, mzunguko wa nchi pale EPCOT, wenye mabanda ya nchi mbalimbali na vinywaji vyake, mpelekeni asubuhi. Jioni kuna watu wamekunywa kwenye kila banda la nchi.

Nilikunywa kitu Oga's Cantina midomo ikafa ganzi! Niliwekewa nini? – Amehamaki, Houston

Ulikunywa Fuzzy Tauntaun, na kama ungesoma menyu kabla ya kunyoosha kidole ungejua. Lile povu la juu limetiwa dondoo ya ua liitwalo buzz button, la jamii ya Acmella. Linasisimua, kisha linatia ganzi kwa muda mfupi. Jamii hiyo hiyo ya maua hutafunwa huku kwetu na wazee wenye jino linalouma, bila foleni na bila kulipia. Chini ya povu kulikuwa na vodka, na hiyo ndiyo ungeiulizia kwanza. Watoto wanaruhusiwa kuingia mle, kwa hiyo macho yawe kwenye kila glasi inayofika mezani.

Kikombe cha ukumbusho cha Butterbeer ukikinunua unajaziwa bure? – Wasomaji wengi mno

Hapana. Hapana. Hapana. Vikombe vya kujaziwa viko kwa ajili ya soda za kawaida, na Butterbeer haimo. Unachojaziwa bure ni maji ya barafu: kaunta za vyakula vya haraka zenye mashine ya soda, Disney na Universal, zitakupa kikombe cha maji ukiomba. Baba anayelipa vinywaji vitamu mara tano kwa siku ili kukata kiu ya watoto, halafu ananiandikia kwamba Marekani ni ghali, sina la kumsaidia. Kitamu kimoja, mchana, mkiwa mmekaa kivulini. Saa nyingine zote maji.

Zile chupa za duara za Coca-Cola naweza kupanda nazo ndege kurudi Dar? – Mpenda zawadi, Tabata

Agosti 2019 idara ya usalama wa viwanja vya ndege vya Marekani ilizikataa kwa sababu zinafanana na mabomu. Mashabiki wakapiga kelele na ndani ya siku chache ikalegeza kamba: iliyojaa iende kwenye mzigo mkubwa, ya mkononi iwe tupu. Kunywa soda, ioshe chupa, iweke katikati ya nguo kwenye mzigo mkubwa. Usiende nayo mkononi ukategemea ucheshi wa askari wa uwanja wa ndege unakounganishia safari.

Hatuna nauli ya Orlando. Tupe namna ya kuipika Butterbeer nyumbani. – Wanafunzi, Eldoret

Ile ya Universal ni siri yao, na wanaojidai mitandaoni kuwa nayo wanabahatisha kama mimi. Yangu ni hii. Sukari ya kahawia vijiko vinne vikubwa na maji kijiko kimoja, kwenye sufuria ndogo, moto mdogo. Usikoroge, zungusha sufuria. Ikianza kutoa mapovu makubwa ya polepole na harufu ya karanga za sukari, epua, tia siagi kijiko kimoja na chumvi kidogo sana, sasa koroga. Itaruka, weka uso mbali. Ikipoa, gawa mara mbili: nusu changanya na krimu baridi uipige hadi isimame nusunusu, nusu weka chini ya glasi. Mimina soda ya vanila baridi sana kwa kuinamisha glasi, la sivyo povu la soda litamwagika mezani. Kama dukani hakuna soda ya vanila, tumia soda nyeupe isiyo na ndimu na matone ya vanila. Krimu iteleze juu kwa mgongo wa kijiko. Mrija weka kando, povu na soda vinatakiwa vifike mdomoni pamoja.

Anayetaka kuongeza iliki, aongeze. Mimi huongeza.