Taichi: mazoezi, ibada au ngumi?

SWALI: Nina umri wa miaka 64 na magoti yananisumbua. Binti yangu anayesoma Beijing amenitumia video ya wazee wakifanya taichi bustanini, naye ananihimiza nijaribu. Wanakwenda polepole mno, sioni faida itatoka wapi. Tena jirani yangu ananionya kwamba hiyo ni ibada ya Kichina. Naomba ufafanuzi.
Mama wa Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Hofu ya jirani haihitaji maneno mengi. Taichi ilianza kama sanaa ya mapigano, na chimbuko linalotajwa zaidi ni kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, katika karne ya 17. Ni kweli kwamba imebeba fikra za falsafa ya Kitao, falsafa ya kale ya China, lakini anayeifanya kwa ajili ya afya haombi wala haabudu chochote. Aina inayofundishwa zaidi siku hizi ni ile ya mikao 24, iliyofupishwa na mamlaka ya michezo ya China mwaka 1956, nayo humalizika kwa dakika chache tu.

Ama kuhusu mwendo, huo upole unaoutilia shaka ndio kazi yenyewe. Simama kando ya meza imara, miguu ikiwa na upana wa mabega na magoti yakiwa yamelegea kidogo, kisha uhamishie uzito wote mguu wa kulia mpaka wa kushoto uwe mwepesi kiasi cha kuweza kuunyanyua bila mwili kuyumba. Usogeze mbele, utue kwa kisigino, na ndipo uzito uufuate taratibu. Mtu anayetembea haraka hubebwa na kasi yake, lakini ukienda hivi ni paja linalobeba kila kitu, nalo litakuambia mapema kuliko unavyodhani. Akili nayo, ikishughulika na pumzi na mahali uzito ulipo, hupata utulivu bila kulazimishwa. Ndiyo maana wengi huiita taamuli ya mwendo.

Faida hiyo imepimwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wagonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kuyumba) waliofanya taichi mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, walisimama imara zaidi kuliko wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo.

Kwa magoti yako, usichuchumae chini kama wafanyavyo vijana wanaotaka kusifiwa. Goti lielekee upande wa vidole vya mguu wala lisivipite. Video huwavutia watu kwenye mikono, ilhali makosa mengi hutokea miguuni, hivyo mwalimu ni bora kuliko simu. Iwapo goti linavimba au linauma hata ukiwa umepumzika, muone daktari kwanza. Akikuruhusu, unaweza kuanza ukiwa umeketi kitini, kwa kuwa mikao mingi hufanyika hivyo pia.