Barua kwa Mwanangu: Anwani za Daftari la Bluu

Donholm, Nairobi
Jumapili jioni, Januari

Mwanangu Mumbua,

Salamu zako nimezipata, na ile sauti ya mjukuu wangu Mutua akiniimbia nimeisikiliza mara nne. Sisi huku tu wazima. Ujumbe wako wa Alhamisi ndio ulionikalisha chini niandike kwa kirefu, maana jibu lake halienei kwenye WhatsApp. Uliniuliza hivi: "Mama, jioni nikishika simu napotelea humo masaa matatu, na nikiiweka chini sikumbuki hata nilichotazama. Wewe uliyekaa saiba miaka yote hiyo, nipe tovuti za maana, za kunifaa na za kunichangamsha."

Unalikumbuka daftari la bluu lililokuwa kando ya printa? Nilifungua saiba, lile duka la kukodisha kompyuta zenye intaneti, mwaka 2006, intaneti ya Nairobi ikiwa bado inakuja kwa setilaiti, kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009. Picha moja ilifunguka mstari kwa mstari, na mteja alikuwa analipia kila dakika. Hakuna aliyekalia kiti pale bila kujua anachotafuta. Mtu alikuja na anwani kwenye kikaratasi, au aliniuliza, "Mama Mumbua, nikitaka jambo hili niingie wapi?" Nikiipata tovuti nzuri, naiandika daftarini ili anayefuata nimwelekeze. Hapo ndipo ninapoona tofauti na jioni zako. Siku hizi simu ndiyo inayokupakulia, nawe unakula chochote kilichowekwa sahanini. Hizi nitakazokutajia utaziendea mwenyewe, kwa kuandika anwani, uchukue ulichofuata, utoke.

Nianze na iliyoniokoa mimi. Mwaka 2013 mwenye jengo alinijia Jumatatu asubuhi na barua ya mistari mitatu: nihame baada ya wiki mbili, amepata mpangaji wa kulipa zaidi. Wewe ulikuwa sekondari, sikukuambia. Usiku ule nilifunga mlango wa chuma nikabaki ndani peke yangu, nikaingia kenyalaw.org. Mle mna sheria za Kenya, hukumu za mahakama na Gazeti Rasmi la Serikali, na husomi kwa pesa. Nikaitafuta sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301. Ni Kiingereza cha mawakili, kigumu, lakini niliisoma kifungu baada ya kifungu kalamu ikiwa mkononi. Kifungu cha 4 kinasema kwamba notisi ya kumtoa mpangaji anayelindwa na sheria hiyo haishiki kabla ya miezi miwili kupita tangu aipokee, na ni lazima itolewe kwa fomu iliyowekwa. Sasa nani analindwa? Nikarudi juu kwenye maana za maneno. Ni mpangaji wa duka, au wa mahali pa kutoa huduma kwa malipo, asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5. Mimi sikuwa na karatasi yoyote, tulipatana kwa mdomo tu, na miaka yote hiyo niliamini kwamba kukosa karatasi ndiko kunakoninyima haki. Kumbe ndiko kulikonikinga. Nilizichapisha kurasa zile, nikapiga mstari penye miezi miwili, nikampelekea pamoja na kodi ya mwezi. Alisoma akiwa amesimama, akazirudisha, akapokea kodi. Nilikaa pale miaka mitano zaidi.

Nyumba ya kuishi ina sheria zake nyingine, kwa hiyo usiichukue hii ukaitumia kwa chumba chako. Lakini likikupata jambo la kazi, la ardhi au la matunzo ya mtoto, pita pale kwanza usome kwa macho yako, ndipo umwendee wakili ukiwa unajua unachouliza. Katiba ya 2010 nayo imo.

Ya pili ya kukukinga ni web.archive.org. Hili ni ghala la nakala za kurasa za mtandao. Waliolianzisha wako San Francisco; Brewster Kahle alianza kazi hiyo mwaka 1996, na tangu 2001 kila mtu anaruhusiwa kuchungulia. Unaandika anwani ya ukurasa uliofutwa au uliobadilishwa, kalenda inatokea, na tarehe zenye duara ni zile ambazo nakala ilihifadhiwa. Ukibonyeza, unauona ukurasa ulivyokuwa siku hiyo. Mteja wangu mmoja aliwahi kuambiwa amechelewa kutuma maombi ya kazi, na tangazo lenyewe lilikuwa limeondolewa. Tulilikuta pale, tarehe ya mwisho ikiwa wazi kabisa, na ilikuwa bado siku tano. Wewe unayetuma maombi ya uhamisho kila muhula, usingoje. Kuna sehemu ya kuwaagiza wauhifadhi ukurasa wakati huo huo. Fanya hivyo siku unayoliona tangazo.

Sasa za kuchangamsha moyo, na hapa Marsabit unakoishi inaipita Nairobi mbali sana. Sisi huku taa za mji zimezifunika nyota zote. Ninyi mna giza la kweli. Ingia stellarium-web.org, iambie uko Marsabit, nayo itakuchorea mbingu iliyo juu ya paa lako dakika hiyo hiyo, majina ya nyota na sayari yakiwa kando. Mwezi huu, kwenye saa mbili usiku, mtoe Mutua nje, mwelekee kaskazini, kisha mwinue macho hadi karibu na utosi. Mtaona kishada cha nyota ndogo zilizosongamana kama punje za wimbi kiganjani. Hicho ndicho Kilimia, na jina lenyewe linatokana na kulima. Wazee wa pwani walikitumia kuhesabu misimu: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mimi niliusikia msemo huo tangu utotoni bila kuuelewa, hadi nilipokaa na tovuti hii nikawa nasogeza tarehe mbele. Januari kiko juu kabisa. Aprili kinateremka magharibi jua likitua. Mei huoni kitu, kimezama pamoja na jua, na ndio wakati wa masika. Juni kinachomoza alfajiri upande wa pili, mvua zikiwa zimepungua. Nilihisi kama nyanya yangu amekaa karibu nami ananionyesha kwa kidole. Mfanyie Mutua hivyo hivyo, sogeza tarehe polepole, yeye akuambie kimefika wapi.

Na huo upepo unaosema unagonga mabati usiku kucha, utazame kwenye windy.com. Ni ramani ya dunia ambayo juu yake upepo unakimbia kama nyuzi nyeupe. Ivute hadi Ziwa Turkana. Utaona nyuzi zinavyobanana na kushika kasi zikipita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, kama maji yanavyopita kwenye shingo ya chupa. Ndiyo sababu mitambo 365 ya umeme wa upepo ilisimamishwa upande wa Loiyangalani, humo humo kwenye kaunti yenu. Bonyeza mvua badala ya upepo, nawe utajua kama ni busara kupanda gari la kuja Nairobi kesho au kungoja siku moja. Kwa onyo lolote la mafuriko, hata hivyo, sikiliza Idara ya Hali ya Hewa iliyoko hapa Dagoretti Corner. Ramani haijui daraja lipi ni bovu.

Mutua nitamtajia yake peke yake: africanstorybook.org. Ni hadithi fupi zenye picha, ukurasa mmoja sentensi moja au mbili, kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, zikiwemo za huku kwetu. Mradi wenyewe unatoka Afrika Kusini, na Kenya ni miongoni mwa nchi walikoanzia. Zimepangwa kwa ngazi, kwa hiyo mtoto wa Gredi ya Kwanza anaanza na maneno machache akipanda taratibu. Unaweza kuzipakua ukiwa shuleni kwenye mtandao, mkazisoma nyumbani bila kutumia bando. Leseni yao inaruhusu kuchapisha pia. Mwanangu, wewe ni mwalimu na umeniambia darasani kwako watoto wanne wanasoma kitabu kimoja. Chapisha hizi. Karatasi nne, ukizikunja na kuzibana katikati, zinatoa kitabu kidogo cha kurasa 16, na kila mtoto anaondoka na chake. Niliwafanyia watoto wa Sunday school hapa mtaani, na kuna mmoja aliyekilalia kitabu chake chini ya mto hadi kikachakaa.

Nyimbo na sauti za nyumbani utazipata radio.garden. Unaizungusha dunia kwa kidole, kila nukta ya kijani ni mji wenye redio, ukisimama juu yake unasikia wanachosema sasa hivi. Jana niliosha vyombo nikiwa Zanzibar, nikapiga pasi nikiwa Bamako. Idhaa ya kawaida inakula kama MB 60 kwa saa, kidogo sana ukilinganisha na video.

Kama mkono lazima ushike mchezo, shika lichess.org. Ni sataranji, wewe na kaka yako mtaweza kucheza yeye akiwa Mombasa. Mfaransa Thibault Duplessis aliianza mwaka 2010, inaendeshwa kwa michango, haina tangazo hata moja wala sehemu ya kulipia. Kila siku kuna fumbo moja jipya. Mimi hulifanya baada ya chai ya asubuhi, basi, nafunga.

Hii nyingine naipenda kwa namna ya pekee. openstreetmap.org ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka mtaa wao na vifaa vya GPS vya kupima mahali ulipo, wakaweka vichochoro, sehemu za kuchota maji, zahanati, vyoo na shule, kwa sababu kwenye ramani za wakati huo mtaa wenye watu wengi namna ile ulikuwa kama uwanja mtupu. Fungua uitazame Kibera leo uone ilivyojaa. Kisha isogeze hadi kwenu. Kama kisima mnachochota maji hakimo, au njia ya mkato ya kwenda shuleni haimo, jiandikishe ukiweke mwenyewe. Mgeni atakayekuja akiwa na kiu baada yako atakiona. Watoto wa darasa la juu wanaweza kuifanya nawe kama somo la jiografia.

Kabla sijamaliza, soma anwani hadi mwisho wake kabla hujaandika jina lako au namba ya kitambulisho popote. Huduma za serikali yetu huishia na .go.ke, vyuo .ac.ke. Ile alama ya kufuli inaonyesha tu kwamba hakuna anayedukua njiani kati yako na tovuti. Haikuambii mwenye tovuti ni mwaminifu. Kijana mmoja alikuja saiba akalipa shilingi 1,500 za "usajili wa kazi" kwenye ukurasa uliofanana na wa serikali kwa rangi na nembo. Anwani yake ilikuwa na go.ke katikati, halafu maneno mengine yakafuata. Nilikuwa namhudumia mteja mwingine, sikumwona hadi amekwisha kutuma pesa. Jambo hilo bado linaniuma, ndiyo maana nalirudia kwa kila mtu. Na ukitaka kujua kama akaunti yako ni miongoni mwa zilizowahi kuvuja, haveibeenpwned.com, ya Troy Hunt wa Australia, inakuambia ukiandika barua pepe yako tu. Ikikutajia tovuti ilikovuja, badilisha nenosiri la akaunti yako ya huko, na popote pengine ulipolitumia.

Anza na mbili wiki hii. Mimi ningechagua nyota, kwa sababu Kilimia hakitakungoja hadi Mei, na hadithi za Mutua. Ukishaziona niandikie kitabu kipi amekipenda, nitamchapishia hapa kwa rangi nimtumie.

Daftari la bluu nimelifunga kwa nailoni pamoja na soksi za shule na zile kalamu za rangi. Litatoka na gari la Ijumaa jioni. Kurasa za mwisho nimeziacha wazi, uandike zako.

Mamako